Sifuri Tisa za Mzee Malimi

Jumatano, mwezi wa saba, saa kumi jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Ni msimu wa pamba. Malori yanapita barabara ya chini kutwa nzima, na kila likipita moja linaacha nyuzi nyeupe kwenye miba ya ua wetu. Shangazi amenifokea kwa kutofagia. Nimejilaza na viatu vyangu, simu kifuani.

Nimechoka. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Nyie wasomaji wangu wanne (mmoja ni binamu yangu, usijifiche), mmezoea nikiandika hapa vichekesho vya Bariadi tangu tulipopewa mkoa na kuanza kutembea kama watu wa makao makuu. Leo sina kichekesho. Leo nina jambo la kukiri, na nisipoliandika sasa kesho nitalipaka rangi.

Wengi mnajua kwamba kila Jumanne najitolea kwenye kliniki ya kifafa, katika hospitali moja ya hapa mjini. Navaa fulana ya mhudumu, natoa mafaili, naita majina, nawatafsiria wanaotoka vijijini. Huku kwetu Kiswahili watu wanakivaa kwenda nacho ofisini. Wakifika nyumbani wanakivua. Mtu anaweza kukusalimia vizuri kabisa kwa Kiswahili, lakini ukimuuliza kinachomuuma anarudi kwenye Kisukuma.

Tangu mwaka jana nikaongezewa kazi nyingine: fomu ya maswali tisa.

Tabibu wetu alitueleza siku ya semina. Watu wenye kifafa wanapatwa sana na sonona, kuliko watu wengine, na hakuna anayewauliza. Wanapewa vidonge vya kuzuia kuanguka, wanarudi nyumbani, na kile kinachowala ndani kinaendelea kula. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajaingia kwake, aulizwe maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Unalala? Unakula? Bado unafurahia yale uliyokuwa unafurahia? Unajiona huna thamani? La tisa linauliza kama umewaza kufa, au kujidhuru. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri mpaka tatu. Wenye alama nyingi wanaingia kwa tabibu na mlango unafungwa.

Nikawa hodari. Benchi zima nalimaliza kabla ya saa nne. Muuguzi mkuu alinisifu mbele ya wenzangu, nikanunuliwa soda. Na fomu zangu zilipendeza kuzitazama: sifuri, sifuri, sifuri, mara chache namba moja kwenye usingizi. Tabibu alizifunua siku moja akacheka, akasema, "Hawa Wasukuma ni wagumu kweli." Nami nikacheka, kwa kuwa ni Msukuma na nilipenda kuitwa mgumu.

Sasa niseme nilivyokuwa nafanya.

Wagonjwa wetu wengi ni watu wazima, wa umri wa baba na mama yangu. Siwezi kumsimamia mzee nikamhoji kama askari. Kwa hiyo namfuata pale kwenye benchi, napiga goti, namwamkia. Mwangaluka, baba. Mwangaluka. Mhola? Mhola. Halafu hapo hapo, goti likiwa chini na kalamu mkononi, naendelea. Usingizi je? Mhola. Chakula je? Mhola. Moyo je? Mhola duhu, ng'wanone. Salama tu, mwanangu.

Kila aliyekulia huku anajua salamu inajibiwaje. Hata kama umetoka kuzika, ukiamkiwa unajibu mhola kwanza. Msiba unausema baadaye, mgeni akishaketi, akishapewa cha kunywa, akishaambiwa haya tupe habari. Kumjibu mtu aliyepiga goti kwamba mambo ni mabaya ni kukosa adabu, kama kumwaga maji njiani. Mimi nalijua hilo tangu sijaota meno. Hata hivyo kwa mwaka mzima nilipiga goti, nikapokea mhola, nikaandika sifuri, nikaenda kwa anayefuata.

Na lile swali la tisa sikuwahi kuliuliza.

Hilo ndilo ninalokiri. Mtu amekujibu salama mara nane, utaanzaje kumuuliza habari za kufa? Na ni mzee, na wewe umepiga goti, na pembeni yupo mkewe. Nikaona aibu. Nikawa naandika sifuri ya tisa mwenyewe, kwa kuangalia nane zilizo juu yake.

Jana sasa. Kuna mgonjwa wetu mmoja nitamwita Mzee Malimi. Jina siyo lake, na kitongoji sikitaji, ila ni upande wa Nkololo. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike. Alisema tu nisimfanye mzee sana. Zamani za ushirika alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kifafa alikuwa nacho, na msimamizi alikijua. Siku akiamka vibaya alipelekwa mizani, mbali na mashine. Biashara ilipofunguliwa, kiwanda kikanunuliwa na mtu binafsi. Wiki ya pili chini ya mwenye mali mpya alianguka sakafuni, akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Bado anapumzika. Ana kovu la moto mkono wa kushoto, ana ng'ombe, na ana mke mpole ambaye mimi namwita mayu, kama mama.

Jana mayu alikuja peke yake na daftari la kliniki la mumewe, kuchukua vidonge. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema yupo, hajambo, hakutaka tu kuja. Tukaongea mambo ya mtama na bei ya pamba huku nikitafuta faili. Ndipo akasema, na alisema kwa furaha, kwamba siku hizi mzee ametulia sana. Hagombani na mtu. Amegawa ng'ombe wake kwa watoto, kila mmoja ameonyeshwa wa kwake. Hata lile dume la kulimia, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulishika pembe, amempa mdogo wake. Baiskeli kampa shemeji.

"Amekuwa mtu mwema," mayu akasema.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya kabati la mafaili. Kwenye semina tuliambiwa kwamba mtu anayetulia ghafla na kugawa vitu vyake huenda anaaga.

Niliifungua fomu yake ya mwezi uliopita. Sifuri tisa, mwandiko wangu, zimejipanga vizuri. Nikaenda nazo kwa tabibu, nikamwambia maneno ya mayu. Tabibu hakuniangalia mimi, aliangalia fomu.

"Mbona hapa hakuna kitu?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nilitaka kusema huenda hali imebadilika ndani ya mwezi. Hakuna ambaye angejua. Nje kulikuwa na watu wamejaa mpaka chini ya mwarobaini, na yeye alikuwa na macho mekundu tangu asubuhi, angenikubalia tu. Nikasema, "Sikumuuliza. La tisa sijawahi kumuuliza mtu yeyote."

Aliifunga fomu. Kisha akasema niende na mayu saa ile ile. Nimuulize. Akijibu ndiyo nisimwache peke yake hata dakika, nimtafute ndugu wa kukaa naye, na asubuhi waje wote. Akaniandikia namba yake ya simu mkononi, kwa kalamu, kama mtoto anayetumwa dukani.

Tulipanda bodaboda mshikaki, dereva, mimi na mayu. Niliomba kukaa katikati, kwa sababu nitakayoieleza. Njia nzima mayu alikuwa ananiuliza kuna nini, nami namjibu kwamba tabibu anataka tu nimwone mzee. Upepo ulinisaidia, hakusikia vizuri.

Tulimkuta. Naandika neno hilo na nalirudia kulisoma: tulimkuta. Alikuwa ameketi nje kwenye kigoda anasuka kamba, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilipomwona nilitaka kulia, na mtu hawezi kufika kwa watu na kilio, kwa hiyo nikapiga goti na kutoa salamu ya mchana.

"Mwadila, baba."

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu, ng'wanone."

Na mkono wangu ukaenda kwenye mkoba kutoa fomu. Hata pale! Nikausimamisha. Nikaiacha fomu ilipo, nikainuka, nikaketi kwenye kigoda nilichopewa, nikasubiri. Mzee akaendelea kusuka. Mayu akaingia ndani, akatoka na maziwa mgando katika vikombe viwili: kimoja cha kioo, cha wageni, na kimoja cha bati kilichobanduka ukingoni. Akanipa kile cha kioo.

Mnaweza kuishi miaka mingi msijue maana ya kikombe cha bati kilichobanduka. Mimi naijua. Watu wengi huku wanaamini kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza, kwa hiyo ana kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, vinaoshwa peke yake. Tabibu amelieleza hilo mpaka sauti imekauka. Siyo kweli, na vikombe vipo pale pale.

Hili sijawahi kuliandika hapa.

Nilimwomba mzee tubadilishane. Nikamwambia naomba ninywee kile cha bati.

"Hicho siyo cha mgeni," akasema. "Hicho ni changu."

"Najua, baba. Cha kwangu ni cha bluu. Kipo kwa shangazi, kinaning'inia kwenye msumari wake."

Aliacha kusuka. "Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na moja. Nilianguka darasani."

"Na hiyo fulana?"

"Fulana ni ya kliniki. Ugonjwa ni wangu."

Ndiyo hivyo, wasomaji wangu. Ndiyo maana nilikaa katikati kwenye pikipiki. Ndiyo maana niliacha shule kidato cha pili, siyo karo kama nilivyowahi kuwaambia. Tabibu anajua, na ndiyo sababu alinichagua. Lakini pale benchini huwa naivaa ile fulana ya mhudumu, nashika kalamu, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyejua. Nilipenda wasijue. Jumanne ilikuwa siku yangu pekee ya kuwa mtu wa upande wa pili wa meza.

Mzee alinipa kikombe chake. Tukanywa. Alipomaliza alifuta mdomo akasema, "Haya, tupe ulichokuja nacho."

Nikamwambia nimesikia anagawa ng'ombe. Akasema ni wake, anaweza kuwagawa. Nikakubali. Halafu nikamuuliza, kwa Kisukuma, bila fomu, kama anawaza kufa. Kwetu hakuna neno laini la kulifunika hilo. Nilidhani ardhi itapasuka. Haikupasuka, kuku wakaendelea kupekua.

"Kila siku," akasema. "Tangu mvua za mwaka jana."

Akaivuta kamba yake magotini.

"Nafikiri tu, nikiondoka hapa, watu hawa wataosha vyombo pamoja."

Alisema hivyo akiangalia kamba yake. Hakulia. Mimi nililia, na sikujificha. Nilimwambia, "Baba, mwezi uliopita si nilikuuliza?"

"Hukuniuliza," akasema. "Ulinisalimia."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema tu, kama mtu anayekuonyesha njia uliyopita.

Nilimwomba ruhusa ya kumwambia mkewe. Akainamisha kichwa, na haikuwa kukataa. Mayu alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, nadhani alishasikia yote. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na kanga yake safi ya kuja mjini. Kisha akasema, "Nilidhani umepona moyo." Mayu akainuka, akachukua kikombe cha bati na kile cha kioo, akavitia karai moja, akaviosha pamoja na vyombo vya mchana. Vile vyombo vilishaoshwa tayari, mimi niliviona. Akaviosha tena.

Mdogo wake mzee akaitwa kutoka shamba la jirani, yule aliyepewa dume. Nikamweleza. Ni mtu mkubwa, mkali, mwenye mzaha mwingi. Alisimama akikuna shingo, akasema basi dume linarudi leo hii, yeye hakulitaka, linakula sana. Akasema atalala huku. Nilimpigia tabibu simu kutoka juu ya kichuguu, maana ndipo mtandao ulipo. Nilirudi mjini jua halijazama, na sikupata nguvu hata ya kubandika chai.

Leo asubuhi walikuja wote watatu. Tabibu alifunga mlango na alikaa na mzee muda mrefu, watu wakalalamika nje na muuguzi akawatuliza. Ameanzishiwa matibabu ya sonona. Mayu ndiye atakayetunza vidonge vyote. Mzee atakuja kila Jumanne, siyo tena mara moja kwa mwezi. Na tabibu akasema hata hivi vidonge vya kifafa anavyokunywa miaka yote vinaweza kuuzamisha moyo wa mtu, ataangalia uwezekano wa kumbadilishia taratibu.

Mimi nakunywa vidonge vile vile. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Baadaye tabibu aliniita. Nilijua nafukuzwa, nilishaikunja fulana ndani ya mkoba. Hakunifukuza. Alikuwa amerundika mezani mafaili yote yenye mwandiko wangu, rundo limemfika kidevuni. Akasema tunarudia yote. Akasema na yeye ana kosa, kwa sababu alipenda foleni ikiisha mapema na hakutaka kujua inaishaje. Kuanzia Jumanne kuna vigoda viwili na ndoo ya maji ya kunywa kwenye kile chumba cha stoo. Mgonjwa aketi, anywe maji, apumue, ndipo aulizwe. Atakayeingia ataulizwa hata kama benchi litaisha saa kumi.

Nimepiga hesabu ya kichwa, nikaona ni Jumanne nyingi sana. Nimefikiria majina. Yule dada wa Maswa anayekuja na mtoto mgongoni. Yule fundi cherehani asiyesema zaidi ya neno moja. Kila mmoja alinipa mhola, na sijui kila mmoja alifunika nini nayo. Wengine hawajaonekana miezi miwili. Nitawatafuta, na naogopa nitakachokikuta. Nasema wazi, naogopa.

Sasa hili la mwisho, halafu nikaoshe miguu.

Walipokuwa wanaondoka niliwasindikiza mpaka getini. Mayu na mdogo wake mzee wakatangulia kutafuta usafiri. Mzee akabaki nyuma, kofia mkononi. Usoni alikuwa amechoka zaidi ya mimi, sitadanganya kwamba aling'aa. Akaniangalia akasema, "Na wewe je, ng'wanone? Unalala?"

Nikajibu, "Mhola, baba."

Ilitoka yenyewe. Sikuifikiria hata kidogo. Ukweli ni kwamba nimekuwa nikiamka saa tisa usiku tangu mwezi wa nne na kuhesabu mabati ya dari. Ukweli ni kwamba sijui mara ya mwisho nilikitaka chakula lini. Mengine sijayapa maneno bado.

Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake, akairekebisha vizuri.

"Jumanne nitakuuliza tena," akasema. "Na safari hiyo usinisalimie."

Nikamwambia basi aje. Akasema atakuja, si ana jambo la kuuliza.

Nimeitoa fomu moja mpya kwenye mkoba, iko hapa kitandani, nimeandika jina langu juu. Sijajibu chochote. Nitaipeleka kama ilivyo, nitaketi kwenye kigoda cha pili, nitakunywa maji, nitasubiri aniulize.

Ni siku sita. Aje tu.